Kinyozi Aliyejinyoa

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na wapiga picha wa studio wameishi kwa msemo huo. Mtu anaweza kupiga nyuso za mtaa mzima kwa miaka thelathini, na akifariki watoto wake wakahangaika kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Watapata ya kitambulisho, labda na ile aliyopigwa na mwanafunzi wake siku ya kujaribu flashi mpya. Kazi yake ilikuwa ya jicho. Akihamia upande wa pili wa kamera, jicho linabaki nyuma: hajui kidevu chake kimefika wapi, hajui ni bega gani limeshuka, hajui kivuli cha pua kimeangukia shavu au mdomo.

Kwa hiyo nawastahi sana wale wachache waliojipiga wenyewe kwa makusudi, wakapanga pazia, mavazi na taa, wakaifanya miili yao kuwa chombo cha kazi. Selfi ya simu siihesabu hapa, maana simu ina kioo: unajiona, unajirekebisha, unabonyeza. Nawasema waliojipiga bila kujiona. Na kati yao nawahusudu zaidi waliofanya hivyo kwa picha nyeusi na nyeupe. Katika picha ya rangi, shati jekundu linaweza kumwokoa mtu aliyesimama vibaya. Ukiiondoa rangi, kinachobaki ni umbo, mwanga na namna mtu alivyosimama, na hapo uzembe hauna pa kujificha.

Nianze na Samuel Fosso, kwa kuwa yeye alianzia pale pale wanapoanzia wapiga picha wetu wa mitaani. Alizaliwa Kumba, Kameruni, mwaka 1962, akalelewa na babu na bibi yake kwa Waigbo wa Nigeria, na utoto wake ukakumbwa na vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970. Mwaka 1972 jamaa yake aliyekuwa fundi viatu alimchukua kwenda Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kijana alishona viatu kwa muda, kisha akaomba kufundishwa upigaji picha na mwenye studio wa jirani. Miezi michache ilimtosha. Septemba 1975, akiwa na miaka 13, alifungua studio yake mwenyewe, Studio Photo Nationale, na akawaahidi wateja kwamba watatoka humo wakiwa wazuri, watanashati na rahisi kutambulika.

Ahadi hiyo ya mwisho sisi wa Igogo, Mwanza, tunaielewa vizuri. Mtaa wetu umepanda kilima cha mawe juu ya Barabara ya Kenyatta, nyumba zimejibanza katikati ya majabali, na chini yake kuna reli, bandari na ziwa. Studio zilizopo ni vyumba vidogo. Mbele kuna mashine ya kutolea nakala na kijana wa fedha za simu; nyuma ya pazia kuna kigoda, kitambaa cha bluu au cheupe ukutani, na taa mbili za mwavuli. Anaingia mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne, anaingia mama anayeuza dagaa na anatakiwa kupeleka picha mbili kwenye kikundi cha mikopo, wanaingia wachumba waliotoka kuvishana pete. Wote wanataka jambo moja: picha ifanane na wao, ila iwe nzuri kuliko wao.

Mtazame fundi wakati huo. Hawezi kumshika mama wa watu kidevu. Anasema, "Mama, inua kidogo. Hapana, hivi," na anainua cha kwake. Anageuza bega lake ili mteja ageuze la kwake. Anakaa nusu kigoda hewani kuonyesha namna ya kukunja goti. Kwa siku moja anakula pozi mara nyingi kuliko wateja wake wote, na hakuna kamera inayomtazama. Baada ya miaka michache mwili wake umehifadhi pozi zote za mji: la bwana harusi, la mhitimu, la mfanyabiashara aliyepata gari, la mjane. Mpiga picha wa studio ni mwigizaji ambaye hajawahi kupewa jukwaa.

Hapo ndipo naona siri ya Fosso. Watu wengi wakisikia kwamba mtu amejipiga picha kwa miaka karibu hamsini hudhani ni majivuno. Mimi naona mazoezi ya kazi ya kila siku yaliyogeuziwa upande wa pili. Alipoiacha kamera na kwenda kusimama mbele ya pazia lake mwenyewe, hakwenda mikono mitupu. Mwili wake ulikuwa umeshafundisha pozi hizo kwa mamia ya watu.

Sababu ya kwanza ilikuwa ya kiuchumi. Wateja walitaka picha zao kesho yake, na mkanda hausafishwi nusu. Kamera ya picha za mraba inayotumia mkanda mpana hutoa picha kumi na mbili. Ikiwa jioni mkanda una nafasi mbili au tatu zilizobaki, mwenye studio ana hiari mbili: azitupe au azitumie. Fosso alizitumia. Alifunga mlango, akabadili nguo, akaseti kamera ifyatue yenyewe baada ya sekunde chache, akakimbilia mahali pake. Sababu ya pili ilikuwa ya moyoni: alitaka kumtumia bibi yake aliyebaki Nigeria picha za kuonyesha kwamba mjukuu yu hai na mambo yake si mabaya. Kuna jambo la tatu ambalo amelisimulia mwenyewe. Akiwa mtoto mdogo alikuwa mgonjwa, viungo vyake vimelemaa, na hakupigwa picha kama watoto wengine wanavyopigwa. Deni hilo la picha alikuja kulilipa usiku, kidogo kidogo, kwa mabaki ya mikanda ya watu.

Ukiziangalia picha hizo za miaka ya 1970, uzuri wake wa kwanza ni uwazi. Hafichi kwamba ni studio. Katika baadhi yake taa zimesimama kushoto na kulia zikionekana, mapazia yamevutwa pembeni kama ya jukwaa, na katikati yupo kijana mwembamba mwenye miwani mikubwa myeusi, shati la kubana, suruali pana chini, viatu vya kisigino kirefu. Alikuwa ameona mavazi ya Prince Nico Mbarga, mwanamuziki wa Sweet Mother, wimbo wa 1976 uliopigwa hadi huku kwetu, akaenda kwa fundi cherehani amshonee ya kufanana.

Msomaji wa Tanzania mwenye umri ataitambua suruali hiyo kwa jina la pekosi, na viatu hivyo kwa jina la raizoni. Atakumbuka pia kwamba mavazi ya vijana hayakuwa jambo dogo. Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia zikapigwa vita mitaani. Bangui nayo ilikuwa chini ya Jean-Bédel Bokassa, mtawala ambaye Desemba 1977 alijivika taji la ufalme mkuu kwa sherehe iliyoshangaza dunia, na ambaye mji wake haukumvumilia kijana wa mavazi hayo. Kwa hiyo chumba cha studio kikawa mahali pekee ambapo mtu aliweza kuvaa alichokitaka na kushuhudiwa amekivaa. Ushahidi wenyewe ulikuwa karatasi tu. Mkuu wa nchi alijipanga mbele ya kamera kwa dhahabu na farasi, na mtaa wa pili mvulana akajipanga kwa pazia la kitenge na nafasi tatu za mkanda.

Sasa tuingie kwenye ufundi wenyewe, maana hapo ndipo subira inapohitajika.

Tatizo la kwanza ni ukali wa picha. Lenzi hulenga umbali mmoja, na mtu wa kulengwa bado yuko nyuma ya kamera. Fundi huweka kigoda, fimbo au chupa pale atakapokuja kusimama, hulenga juu yake, huchora alama ya chaki sakafuni, kisha huondoa kitu hicho na kwenda kusimama kwenye alama. Akisogea mbele kwa upana wa kiganja, macho yatafifia na sikio litakuwa kali. Tatizo la pili ni mipaka ya picha: hajui kama utosi wake umekatwa. Tatizo la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo ni muda. Katika zile sekunde kumi baada ya kubonyeza, lazima afike, asimame, apumue, aziondoe usoni dalili za kukimbia, na awe tayari amekuwa mtu mwingine kabla shata haijalia. Ukisikia shata umechelewa kufikiri. Kila kitu kinachoonekana kwenye picha kilifanyika kabla yake.

Halafu kuna ngozi. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera ni kipofu kwa namna yake: hudhani kila kitu kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Mtu mweusi aliyevaa shati jeupe hukichanganya. Ukifuata shati, uso unazama gizani. Ukifuata uso, shati linaungua na kuwa doa lisilo na mikunjo. Hapa Igogo tuna msaada wa bure. Majabali yetu ni ya kijivu kilicho karibu na kipimo hicho cha wastani, na anayepigia nje anaweza kupima mwanga kwenye jiwe kwanza, kisha akamgeukia mtu wake.

Lakini kipimo sahihi ni mwanzo tu. Ngozi nyeusi hujichora kwa mng'ao kuliko inavyojichora kwa kivuli. Paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya bega: hapo ndipo mwanga hudondoka na kuwaka, na mng'ao huo ndio unaomweleza mtazamaji umbo la mwili lilivyo. Taa ndogo iliyo mbali hutoa nukta kali kama jasho. Taa kubwa iliyosogezwa karibu, ikitokea ubavuni, hutandaza mng'ao mpana unaoufuata mwili polepole. Mafuta kidogo ya kupaka huongeza, mengi huharibu. Na nyuma ya mtu lazima pawe na tofauti, ama ukuta uliofifia ama mwanga mwembamba kwenye ukingo wa bega, la sivyo kichwa na giza vitashikana kuwa kitu kimoja. Fundi anayepiga mteja husogeza taa na kutazama. Anayejipiga lazima auhisi mng'ao huo kwenye shavu lake kwa joto la taa.

Kazi haiishii hapo. Katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, karatasi inapitishwa kwenye dawa tatu: ya kwanza inaitokeza picha, ya pili inakatisha kazi ya ile ya kwanza, ya tatu inaidumisha isifutwe na mwanga. Kabla ya hapo, mashine ya kukuzia inapoimulika karatasi, fundi hupitisha mikono yake katikati ya mwanga na karatasi. Akilikinga shavu kwa sekunde mbili litabaki na weupe. Akiliachia pazia sekunde tano zaidi litakuwa jeusi. Mwili uliosimama mbele ya lenzi unarudi tena kazini, safari hii kwa vidole.

Kwa miaka karibu ishirini picha hizo za usiku zilikaa sandukuni. Mwaka 1993 mpiga picha Mfaransa Bernard Descamps alifika Bangui akitafuta wapiga picha kwa ajili ya maonyesho ya kwanza ya upigaji picha ya Bamako, Mali, akakutana na Fosso. Mwaka 1994 picha zilipotundikwa Bamako, mwenye studio ya mtaani akajulikana ulimwenguni, na leo anatajwa pamoja na Seydou Keïta na Malick Sidibé wa Mali.

Umaarufu ungeweza kumfanya arudie pekosi na miwani hadi uzeeni. Kazi yake ya mwaka 2000, Mémoire d'un ami, inaonyesha kwa nini namwamini. Rafiki na jirani yake aliuawa na watu wenye silaha Bangui mwaka 1997. Fosso alimkumbuka kwa kujipiga akiwa uchi, katika giza la chumbani, kwa nyeusi na nyeupe. Humo hakuna mavazi, hakuna fundi cherehani, hakuna mwanamuziki wa kuiga. Yule kijana aliyetumia nguo kuonyesha kwamba yu hai anauvua mwili wote ili kumzungumzia mtu ambaye hayupo. Kitaalamu ni kazi ya hatari, kwa sababu mwili mtupu hauna ukosi wala mkunjo wa kuongoza jicho. Kila kitu kinabebwa na mng'ao ule ule wa ngozi na uzito wa mtu alivyokaa.

Kisha ikaja African Spirits ya mwaka 2008, picha kumi na nne nyeusi na nyeupe ambamo mtu mmoja anawabeba Malcolm X, Martin Luther King, Angela Davis, Muhammad Ali, Patrice Lumumba, Haile Selassie, Kwame Nkrumah, Léopold Senghor na wengine. Hapa alikuwa na watu wa mapambo, nywele na mavazi wa kumsaidia, lakini ufundi wa kusimama hauna msaidizi. Fosso ameeleza kwamba huunganisha mwili wake na mhusika kwa sababu anataka kuifasiri historia yake. Naliamini neno lake nikitazama namna alivyokwepa mtego wa kuchekesha. Mwigaji wa jukwaani huongeza chumvi: hukuza ishara ili umtambue haraka. Fosso hupunguza.

Chukua picha ya King. Chanzo chake ni picha ya polisi wa Montgomery, Alabama, ya Februari 1956, King amevaa suti na tai, kibao chenye namba 7089 kimening'inia kifuani. Picha ya polisi ni kinyume cha picha ya studio kwa kila hatua. Taa inamulika usoni moja kwa moja bila huruma, nyuma hakuna pazia, na anayepiga hana haja mteja aridhike. Mtu aliyetumia maisha yake kuwafanya watu wapendeze ilibidi ajifunze kuumulika uso kwa ubaya, na kwa usahihi, kisha akae ndani ya ubaya huo kwa utulivu ule aliokuwa nao King. Naona ugumu huo kuwa mkubwa kuliko kuvaa manyoya ya mfalme. Mkono wa fundi una tabia zake, na kuzizuia ni kazi.

Picha ya Ali ni somo la namna nyingine. Aprili 1968 jarida la Esquire lilimweka Ali jaladani, amepigwa na Carl Fischer kwa mtindo wa Mtakatifu Sebastiani wa michoro ya kale: bondia aliyenyang'anywa ubingwa kwa kukataa kwenda vitani amesimama na bukta, mikono nyuma, mishale imemchoma. Mishale ile ilikuwa mizito, ikabidi itundikwe kwa nyuzi nyembamba zisizoonekana, za aina ya mishipi ya kuvulia ambayo huku kwetu ziwani kila mtoto anaijua. Jalada lenyewe lilikuwa la rangi. Fosso aliposimama mahali pa Ali aliiondoa rangi hiyo, na jambo likabadilika: damu haikupigi macho tena, unabaki na shingo iliyopinda na kifua kinachopokea. Tena kifua hicho si cha bingwa wa uzito wa juu. Ni cha mpiga picha wa makamo, na hakuficha. Anakuachia nafasi ya kumwona Ali na kumwona Fosso kwa pamoja.

Kwenye Angela Davis mwanamume anakuwa mwanamke, na anafanya hivyo bila kubana sauti wala kukata kiuno. Nywele kubwa za duara zinafanya kazi ya taji, na uso umeachwa utulie chini yake. Kwa Lumumba, sisi wa ukanda huu tuna alama zetu vichwani tayari: miwani, kidevu chenye ndevu chache, mstari wa kichana kwenye nywele. Fosso anajua tutaanza kwa kusoma alama, na tukishazimaliza tutabaki na macho. Macho ndiyo hayapakwi rangi. Ile ahadi ya studio ya 1975 imetimia kwa njia ambayo hakuna mteja aliyeiwaza: mtu ametoka humo akiwa rahisi kutambulika, ila kwa jina la mwingine.

Fosso hayuko peke yake. Zanele Muholi wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Umlazi mwaka 1972, alianza mwaka 2012 mfululizo wa picha zake uitwao Somnyama Ngonyama, nyeusi na nyeupe zote, nyingi zikipigwa safarini kwa vitu vilivyokuwepo chumbani: sponji za kusugulia sufuria, waya, mito, vibanio vya nguo. Moja naipenda kupita zote, nayo ilipigwa mwaka 2015 Mayotte, katika funguvisiwa la Komoro lililo jirani yetu. Imeitwa Bester, jina la mama yake, aliyefanya kazi za ndani katika nyumba za watu kwa zaidi ya miaka arobaini. Vibanio vya kuanikia nguo vimepangwa kichwani vikawa taji, vingine vimening'inia masikioni vikawa hereni. Muholi huongeza ukali kati ya weusi na weupe wakati wa kuiandaa picha, ngozi ikazidi kuwa nyeusi kuliko ilivyo, hadi weupe wa macho ukawa kama umewashwa. Tofauti ya mafundi hawa wawili ni nzuri kuisoma. Fosso huweka mng'ao ili umbo lizungumze. Muholi huzamisha umbo ili macho yazungumze.

Na yupo wa kwetu zaidi, Ingrid Mwangi, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1975 kwa baba Mkenya na mama Mjerumani, akahamia Ujerumani akiwa kijana. Kazi yake Static Drift ya mwaka 2001 si ya nyeusi na nyeupe kwa karatasi, lakini ni ya nyeusi na nyeupe kwa asili. Alifunika tumbo lake kwa ramani zilizokatwa, moja ya Afrika na moja ya Ujerumani, akaliachia jua lifanye kazi. Palipokingwa pakabaki na weupe, palipoachwa wazi pakaiva. Ndipo akapiga picha. Ukifikiri kidogo utaona kwamba picha ilikuwa imeshapigwa kabla ya kamera kuletwa. Ngozi ilikuwa karatasi, jua likawa mashine ya kukuzia, na kazi ya mikono ya fundi chumbani ikafanywa na ukingo wa ramani.

Kazi za namna hii huishi kwa bahati. Februari 2014, vita vya Bangui vilipokuwa vimepamba moto, nyumba ya Fosso iliporwa akiwa nje ya nchi. Negativu za miongo minne zilitupwa nje na kutapakaa barabarani. Waandishi wa habari na watu wa haki za binadamu waliokuwa wakipita, akiwemo mpiga picha Jérôme Delay, waliziokota na kuzihamisha. Mwaka 2023 mwenye negativu hizo alipewa tuzo ya Deutsche Börse huko London. Kila mwenye studio wa zamani hapa Mwanza mwenye maboksi ya negativu chini ya kitanda, yakinyonya unyevu wa ziwa, ana sababu ya kuyatoa leo na kuyaweka pakavu.

Msomaji kijana ataniuliza: je, sisi tunaweza? Vifaa si kikwazo. Simu inaseti kuchelewa sekunde kumi kama kamera ya Bangui, na inatoa picha nyeusi na nyeupe. Sharti langu ni kwamba kioo chake ukigeuzie ukutani usijione. Shuka jeupe linatosha kuwa pazia, dirisha la upande linatosha kuwa taa, chaki ni ya bei ya peremende. Kinachohitaji muda ni kumchagua mtu wa kumbeba, na kumjua.

Mimi ningempendekeza Paul Bomani. Wazee wa Kanda ya Ziwa wanamkumbuka kama kijana aliyeongoza ushirika wa wakulima wa pamba katika miaka ya 1950, hadi vyama vilipoungana mwaka 1955 kuwa muungano mkubwa wa Victoria. Baada ya uhuru akawa waziri wa fedha, kisha balozi Marekani. Anayetaka kumbeba ataanza kwa suti, na hapo atakuwa amekosea mlango. Mambo yalianzia kwenye mizani. Wakulima waliamini wanapunjwa uzito pamba inapopimwa na wanunuzi, wakataka wapimaji wao wenyewe. Kwa hiyo nenda kwanza ukasimame penye mizani, pale wanapopimia samaki au dagaa, umtazame anayesoma mshale huku watu kumi wakimwangalia wasimwamini. Tazama shingo yake inavyoinama, tazama mkono ulio huru unafanya nini. Kafanye hivyo nyumbani, mara nyingi, bila kamera, hadi mgongo ukumbuke wenyewe. Suti azima mwishoni.

Picha ikishatoka, usiipeleke mtandaoni kwanza. Mpelekee mzee aliyeuza pamba zamani zile, umwamkie, umpe aitazame, na usimtajie jina. Akisema "Huyu si Bomani?" kazi imefanyika. Akikutaja wewe, mshukuru, urudi penye mizani.